Haki ya Jirani Aliye Chini Yetu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema zinamstahiki Yeye aliyeteremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo na akayatuliza ardhini yawe riziki ya watu, wanyama na mimea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu mlioketi hapa msikitini, na nyinyi mama zetu na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni na naiusia nafsi yangu yenye kukosa, tumche Mwenyezi Mungu katika yale tuyafanyayo mbele za watu na katika yale tuyafanyayo nyuma ya nyumba zetu, mahali ambapo jirani haoni.

Nimesema nyuma ya nyumba kwa makusudi, kwani huko ndiko liliko shimo la taka, na hotuba yetu ya leo inahusu shimo hilo. Huenda baadhi yenu wakaona mimbari si mahali pa kutaja takataka. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na la chini kabisa katika hayo ni kuondoa njiani kitu chenye kuwaudhi watu. Basi ikiwa kuondoa mwiba njiani ni imani, kuuweka huo mwiba njiani tutakuita nini?

Sisemi juu ya maganda ya ndizi wala mabaki ya chakula. Hayo yakifukiwa shambani huwa mbolea. Nasema juu ya taka chache ambazo ndani yake mna sumu: betri za tochi na redio zilizokwisha nguvu, betri za magari na za umeme wa jua, taa ndefu za mrija ambazo zina zebaki, oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, dawa za mende na za panya, makopo na madumu ya dawa za kupulizia nyanya na kahawa, rangi na tina zilizobaki baada ya kupaka nyumba, dawa za hospitali zilizopitwa na muda, sindano za wagonjwa wa kisukari, na simu mbovu ambazo watoto huzifungua ili waone ndani mna nini. Nyumba isiyokuwa na hata kimoja katika vitu hivi siijui, na yangu pia imo.

Nataka niwasimulieni jambo lililonipata mimi mwenyewe miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha madrasa katika mji mwingine, si hapa Arusha. Madrasa yetu haikuwa na tangi la maji. Nikaona sokoni pipa la plastiki la rangi ya buluu, zuri, lenye kifuniko, na bei yake rahisi. Nililinunua kwa fedha ya wazazi, tukalisafisha kwa sabuni, tukalijaza maji ya kutawadhia. Nami nilijua kwamba watoto wadogo hawatawadhi tu, bali hunywa pia. Siku ya pili watoto wawili walitapika na kutokwa jasho jingi, na mboni za macho yao zikawa ndogo kama vichwa vya sindano. Daktari aliponiuliza wamekunywa nini, nikasema maji. Akaniuliza maji ya wapi. Tulipokwenda kuligeuza lile pipa tukaona chini yake mabaki ya karatasi yenye alama ya fuvu la kichwa. Lilikuwa limebeba dawa ya wadudu ya mashambani.

Watoto wale walipona, alhamdulillahi. Mimi ndiye niliyebaki na pipa. Niliuliza lipelekwe wapi. Ofisi ya kwanza iliniambia kwamba kitu cha shambani si kazi ya watu wa mji. Ofisi ya pili iliniambia kwamba madrasa iko mjini, hivyo nirudi mjini. Sizitaji ofisi hizo, na waliokuwamo walikuwa watu wema walionikaribisha kiti. Nikaliweka pipa nyuma ya nyumba yangu. Likakaa karibu mwaka mzima. Sikulitoboa, kwa kuwa nilijiambia kila wiki kwamba nitakwenda tena kuuliza. Kisha asubuhi moja nikatoka na nisilione. Mtu alikuwa ameliona zuri, kama nilivyoliona mimi sokoni, akalichukua. Mpaka leo sijui ni nyumba gani iliyochota maji ndani ya pipa lile.

Ndugu zangu, dhambi ya mwizi ni ya mwizi. Lakini mimi nilijua na yeye hakujua, na mjuzi huulizwa zaidi.

Wanafunzi wa fikihi wanaonisikiliza wanaweza kusema: Sheikh, maji hupimwa kwa sifa tatu, yaani rangi, ladha na harufu, na maji mengi yasiyobadilika sifa hata moja ni tohara. Hivyo ndivyo tulivyosoma. Nami najibu kwamba kanuni ile imewekwa kwa ajili ya najisi, nayo ni sahihi mahali pake. Sumu ni mlango mwingine. Risasi iliyomo katika betri ya gari ikiingia katika maji haiyapi rangi, wala harufu, wala ladha ambayo ulimi utaitambua. Maji hayo yaweza kufaa kwa udhu na yasifae kwa kinywa cha mtoto.

Tena jambo hili si geni kwa wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii. Kila aliyesoma Matn Abi Shujaa anakumbuka kwamba maji yamegawanywa mafungu manne, na fungu la pili ni maji tohara yenye karaha, nayo ni yale yaliyopashwa moto na jua ndani ya chombo cha madini. Kwa nini yakawekewa karaha hali yakiwa tohara? Kwa sababu ya hofu ya ugonjwa, kwamba jua kali huenda likatoa kitu katika chombo kikaingia majini. Imamu Shafii mwenyewe aliitaja sababu hiyo kuwa ni ya utabibu. Ni kweli Imamu Nawawi hakuridhika na dalili ya mas-ala hayo, na wanafunzi waendelee kuyachambua na walimu wao. Ninachotaka mkione ni hiki: zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mafakihi walikwisha kutenganisha maswali mawili. La kwanza, je, maji haya ni tohara? La pili, je, maji haya yanadhuru? Nasi leo tumelishika la kwanza tukalisahau la pili. Na juu ya hilo la pili Mtume (S.A.W.) ametuachia kanuni iliyo fupi kuliko zote, iliyopokewa na Ibn Majah na wengineo, kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara.

Sasa tuitazame nchi yetu hii. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na sisi sote tunaishi miguuni pake. Mito ya Themi, Naura, Burka, Nduruma na Usa yote yashuka kutoka kwake. Maji ya mlima wenyewe yamekuja na mtihani wake, kwa kuwa mawe ya volkano huyatia madini ya floraidi, na ndiyo maana wengi katika watu wa huku meno yao yana rangi ya kahawia, na wengine mifupa yao imepinda. Huo ni mtihani kutoka katika maumbile, nasi twasubiri na twatafuta dawa yake. Lakini mtu mwenye kidonda hakiongezi kwa kisu chake mwenyewe.

Fuateni safari ya tone moja. Oili chafu imemwagwa mtaroni huko Sanawari au Sekei. Mvua imenyesha, na mnajua wako wenzetu ambao hungoja mvua hasa, ili wautie mfuko wa taka mtaroni uende zake. Unakwenda wapi? Unaingia mtoni. Mto unapita kando ya bustani za mchicha, figiri na sukuma wiki, ambazo tutazinunua sokoni Kilombero kwa ajili ya futari. Kisha Themi inatoka mjini kuelekea kusini, na maji yake yanaungana na Kikuletwa, ambayo hupokea pia maji ya Usa na Nduruma. Kikuletwa inaingia katika bwawa lililopewa jina zito, Nyumba ya Mungu, ambako wavuvi wanatoa samaki kila usiku. Na kutoka bwawani maji yanakwenda kwa jina la mto Pangani mpaka baharini, katika mji mkongwe wa Pangani, wenye watu wanaotawadha na kuswali kama sisi. Sisemi kwamba tone lile lote linafika huko. Nasema kwamba njia iko wazi, na hakuna mlango wa kuifunga isipokuwa ule wa nyuma ya nyumba yako.

Hapa ndipo linapokuja lile neno la Mtume (S.A.W.) lililopokewa na Imamu Bukhari kutoka kwa Nuuman bin Bashir, la watu waliopanda jahazi, baadhi wakakaa juu na baadhi chini. Wa chini walichoka kupanda juu kuteka maji, wakaazimia kutoboa tundu katika sehemu yao. Mtume akatufahamisha kwamba wakiachwa wafanye wapendavyo wataangamia wote, na wakizuiwa mikono wataokoka wote. Katika jahazi letu la Meru mambo yamegeuka. Aliye juu ndiye anayetoboa, na aliye chini ndiye anayenywa. Kwa hiyo aliye juu haoni haraka ya kujizuia, maana hayamlowi yeye kwanza.

Lau kama mtu atadhani natia hofu bure, na ayatazame ya Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar katika nchi ya Senegal. Huko watu walikuwa wakivunja betri za magari kwa mikono, na mchanga ulipojaa risasi wakawa wanaupeta ili waipate na kuiuza. Mchanga huo waliuingiza majumbani kwa magunia. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto wadogo 18. Mama zao hawakujua kwamba lile vumbi sakafuni ni mauti. Na hapa karibu, Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi risasi katika damu zao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu ile ilipinduliwa katika rufani, wakaendelea, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakijulikani kiwango cha risasi mwilini ambacho ni salama, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa risasi huupiga ubongo wake ungali ukikua. Wazazi mnaosomesha watoto Qurani, lifikirini hilo.

Tuje sasa katika serikali zetu za mitaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezitwika halmashauri mzigo wa taka ngumu, na imezitaka ziagize taka zitenganishwe pale pale zinapotoka, yaani nyumbani kwako na kwangu. Hapa kwetu zipo halmashauri tatu zinazokunywa mlima mmoja: Jiji la Arusha, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na Halmashauri ya Wilaya ya Meru yenye makao yake Usa River. Mto mmoja waanza katika eneo la wilaya, unaingia mjini, kisha unatoka tena kurudi wilayani. Mkulima wa nyanya aishie wilayani anauza mjini, na fundi wa magari wa mjini analala wilayani. Sumu haina kadi ya ukazi.

Kwa hiyo halmashauri moja ikijitahidi peke yake, itakuwa kama mtu anayefagia nusu ya ua. Kinachotakiwa ni zote tatu kukaa pamoja na kukubaliana mambo machache: siku maalumu katika mwaka za kupokea taka za sumu kutoka majumbani, gari moja lililotengwa kwa kazi hiyo lipite kata kwa kata bila kuuliza mwenye betri anaishi upande gani wa mpaka, na mahali pamoja pa kuzihifadhi mpaka wenye leseni waje wazichukue. Dampo la Muriet ni la Jiji na kazi yake ni taka za kawaida. Tusiwatupie humo waokotaji maskini sindano na asidi.

Hili si jambo la ndoto. Huko Marekani, katika eneo la Seattle, serikali ya wilaya ya King, mji wa Seattle na miji midogo mingi inayowazunguka wana mpango mmoja wa pamoja wa taka za sumu za majumbani tangu miaka ya 1990, wenye gari linalozunguka vitongojini, na gharama yake hutokana na kiasi kidogo kinachoongezwa katika ada ya taka na ya maji machafu. Wao ni matajiri, mtasema. Naam. Lakini kukaa mezani pamoja hakuhitaji utajiri, na wazee wa Kimeru na wa Kiarusha walikuwa wakikaa pamoja kugawana maji ya mifereji ya mlimani kabla ya halmashauri yoyote kuwapo. Mwenye zamu yake alichota, na aliyechafua mfereji alitozwa.

Wala wataalamu si wa kuagiza ng'ambo. Ngaramtoni, hapo tu, ndipo yalipo makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwa pale pale. Ni mikoa mingapi ina bahati hiyo?

Na tusiseme watu wetu hawabadiliki. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini, na wengi tulidhani soko litasimama. Halikusimama. Tulirudi kwenye vikapu vya mama zetu.

Mpaka halmashauri zikutane, nyumba ina wajibu wake. Mama, usiimimine dawa iliyobaki chooni wala mtaroni, na usichome moto makopo ya dawa ya kupuliza, kwani hupasuka, na moshi wa plastiki na betri ni sumu nyingine. Iache dawa katika chombo chake chenye maandishi, mahali pa juu penye kufuli, na usiihamishie katika chupa ya soda hata kwa siku moja. Wangapi wameuawa na chupa ya soda! Asidi na dawa ya kung'arishia nguo visikae pamoja, maana vikichanganyika hutoa hewa inayoua. Sindano zitie katika chupa ngumu, uifunge, ukawaulize wa zahanati namna ya kuipokea. Na dawa zilizopitwa na muda muulize mwuza dawa. Betri ya gari usiipasue, mpe fundi anayeinunua nzima. Mkulima, dumu la dawa likiisha, lisuuze mara tatu, na maji ya kila suuzo yarudishe katika bomba la kupulizia uyapulize shambani, yasiende mferejini. Kisha litoboe. Nasisitiza hili la kutoboa, nanyi mnajua kwa nini.

Na ada ya taka tuilipe. Nimesikia Mwislamu akisema kwamba gari la taka halikupita wiki iliyopita, kwa hiyo hadaiwi. Kama halikupita, mwendee mwenyekiti wa mtaa umwambie, ukiwa umelipa. Wale vijana wanaobeba taka zetu kwa mikono mitupu nao ni waja wa Mwenyezi Mungu, na sindano uliyoificha ndani ya mfuko mweusi ni dhulma kwa mkono ambao hukuuona.

Kamati ya msikiti wetu imekubaliana jambo moja, na nitalitangaza sasa. Alhamisi ijayo baada ya swala ya Alasiri, wanafunzi wakubwa wa madrasa watapita nyumba kwa nyumba na daftari. Hawatachukua kitu chochote, na msiwape. Wataandika tu idadi: betri ngapi, madumu mangapi, taa ngapi, lita ngapi za oili. Jirani zetu wa usharika wa Kilutheri wamekubali kufanya hivyo upande wao wa mto. Orodha zote mbili tutazipeleka pamoja kwa mabwana afya wa kata, na nakala kwa wakurugenzi wa halmashauri zote tatu, pamoja na ombi la siku ya kukusanya kabla ya mvua za masika. Nyumba yangu itaandikwa ya kwanza. Tafadhalini wafungulieni mlango watoto hao, na mwaonyeshe hata kile kilichoko chini ya kitanda.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.